Mlima Umekuwa Kijani, Lakini Umepona?

Watu wa Guizhou, kusini magharibi mwa China, wana msemo wa kale kuhusu jimbo lao: anga haliwi jeupe siku tatu mfululizo, ardhi haiwi tambarare hata li tatu, na mtu hana hata chembe tatu za fedha. Li ni kipimo chao cha umbali, kama nusu kilomita hivi. Msemo huo umebeba mambo matatu ninayotaka kuyajadili: mawingu yanayoziba jicho la setilaiti, milima ya mawe ya chokaa inayotupa vivuli virefu, na wakulima maskini waliolima juu ya mawe hayo hadi yakabaki matupu.

Leo ramani zinazochorwa kutokana na picha za setilaiti zinaionyesha Guizhou, pamoja na majirani zake Guangxi na Yunnan, kuwa miongoni mwa maeneo ya dunia yaliyoongeza kijani kwa kasi kubwa tangu mwaka 2000. Sina ugomvi na ramani hizo. Ugomvi wangu ni na kauli inayozifuata karibu kila zinapooneshwa, kwamba ardhi hiyo sasa imepona. Setilaiti inathibitisha kuwa majani yapo. Kati ya majani kuwapo na ardhi kupona kuna safari, na katika ardhi ya chokaa safari hiyo ni ndefu kuliko karibu kokote kwingine. Jambo hili si la Wachina peke yao. Sehemu kubwa ya pwani yetu, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, imekaa juu ya chokaa ya matumbawe, na viwanda vya saruji vinaichimba chokaa hiyo kila siku kwa ahadi kwamba machimbo yatarudishiwa uoto wake.

Kwanza tuielewe ardhi yenyewe. Chokaa huyeyuka kwa maji ya mvua. Maji yanapopita angani na kwenye udongo huchukua kaboni dioksidi, yanakuwa na asidi hafifu, kisha yanakula jiwe kidogo kidogo na kuacha nyufa, mashimo na mapango. Kinachobaki baada ya jiwe kuyeyuka ni mabaki machache mno ya udongo mfinyanzi, kwa sababu sehemu kubwa ya jiwe imekwenda na maji. Ndiyo maana sentimita moja ya udongo juu ya chokaa safi huhitaji maelfu ya miaka kujengeka. Halafu udongo huo mchache hauoshwi kuelekea bondeni pekee. Huzama pia kwenye nyufa, chini kwa chini, pamoja na maji. Mahali panaponyesha mvua zaidi ya milimita elfu moja kwa mwaka, mmea unaweza kufa kwa kiu wiki chache tu baada ya mvua kukatika.

Katika milima ya Guizhou wakulima walipanda mahindi kwenye vifuko vya udongo katikati ya mawe, vingine vidogo kiasi cha kutosha mashina machache tu. Miti ilikatwa kwa kuni na mkaa, mbuzi wakamalizia machipukizi, mvua ikachukua kilichobaki. Wachina wakaiita hali hiyo jangwa la mawe, jangwa lisilotokana na ukosefu wa mvua. Takwimu za serikali yao zilionyesha kuwa mwaka 2011 eneo lililoathirika lilikuwa kama kilomita za mraba 120,000. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya ukubwa wa Rwanda.

Baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze mwaka 1998, China ilipiga marufuku ukataji wa misitu ya asili katika maeneo mengi. Mwaka 1999 ikaanza kuwalipa wakulima kwa nafaka na fedha ili waache kulima miteremko mikali, na mwaka 2008 ikaongeza mpango maalumu wa kupambana na jangwa la mawe, ukianzia katika wilaya 100. Kufikia mwaka 2016 eneo lililoathirika lilikuwa limeshuka hadi kama kilomita za mraba 100,700. Kupungua kwa kilomita za mraba karibu 20,000 ndani ya miaka mitano ni kazi kubwa, na sitaki msomaji adhani naidharau.

Setilaiti inajuaje? Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, lakini hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa infraredi ya karibu, ambao jicho la binadamu haliuoni. Jiwe tupu halina tofauti kubwa kati ya mianga hiyo miwili. Kwa hiyo ukichukua infraredi ukaitoa nyekundu, kisha ukagawanya kwa jumla ya zote mbili, unapata namba kati ya hasi 1 na 1 inayoitwa NDVI. Jiwe na udongo mkavu hukaa karibu na sifuri, vichaka hupanda katikati, msitu mnene hufika 0.8 au zaidi. Hesabu hiyo ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kwa kikokotoo, na imetumika tangu miaka ya 1970, baada ya Landsat ya kwanza, setilaiti ya Marekani ya kupiga picha ardhi, kurushwa Julai 1972.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni bei. Hadi mwaka 2008 picha za Landsat ziliuzwa. Mwaka huo Marekani ilifungua hazina yote bure, na tangu 2015 Ulaya nayo inatoa bure picha za setilaiti zake za Sentinel-2, ambazo kila piseli, yaani kidoa kidogo kabisa cha picha, inaweza kuwa mraba wa mita 10 kwa 10. Mtu akiwa Mtwara au Bukavu, mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti, anaweza kuangalia kilima kile kile anachoangalia mtafiti wa Copenhagen au Changsha. Nadhani hii ni moja ya zawadi kubwa ambazo umma umewahi kupewa na sayansi ya kisasa, na inanisikitisha tunavyoitumia kidogo.

Sasa tuje kwenye swali la kijani hicho ni cha aina gani. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Chi Chen wa Chuo Kikuu cha Boston ilitoa matokeo ya vipimo vya MODIS, chombo kilichobebwa na setilaiti mbili za NASA, kwa miaka ya 2000 hadi 2017. China, yenye asilimia 6.6 tu ya ardhi yote ya dunia yenye uoto, ilichangia robo ya ongezeko lote la eneo la majani duniani. Habari hiyo ilisambaa sana. Sehemu ambayo haikusambaa sana ni kwamba ndani ya China misitu ilichangia asilimia 42 ya ongezeko hilo, na mashamba yakachangia asilimia 32. Shamba linalomwagiliwa na kupewa mbolea, likavunwa mara mbili kwa mwaka, setilaiti inalihesabu kuwa kijani sawasawa na msitu. Na katika hiyo asilimia 42 ya misitu, swali linabaki lile lile: msitu gani?

Nenda Guangxi. Ndilo eneo lenye mashamba mengi ya mikaratusi kuliko jimbo lolote la China. Mkaratusi hukua haraka, hukatwa baada ya miaka michache kwa ajili ya mbao nyembamba na karatasi, halafu huchipua tena kwenye kisiki. Katika mfululizo wa picha unaiona namba ikipanda kwa kasi, ikianguka ghafla, ikapanda tena. Ukichukua picha mbili tu, ya mwaka 2001 na ya mwaka 2017, ukawa umebahatika kuikuta miti imesimama, utaandika kuwa mlima umepona.

Kisha nenda kaskazini mwa Guangxi hiyo hiyo, Huanjiang, ambako Chuo cha Sayansi cha China kina kituo cha kuchunguza ardhi ya chokaa, au vuka mpaka kidogo hadi hifadhi ya Maolan katika wilaya ya Libo, Guizhou, ambako bado kuna msitu wa asili uliosimama juu ya mawe. Huko mizizi imeshuka kwenye nyufa ikifuata maji, majani yaliyooza yamejaza vishimo vya mawe, na aina za miti zimechanganyikana kiasi kwamba mstari wa hatua chache unapita miti isiyofanana. Pale ambapo watu waliacha kukata na kulima, vilima vya jirani vimeanza kujirudia vyenyewe: kwanza nyasi, kisha vichaka vya miiba, kisha machipukizi yanayotoka kwenye visiki na mizizi ya zamani iliyokuwa imejificha ndani ya mawe. Hakuna mtu aliyepanda. Hiyo ndiyo ninayoiita kupona, na inachukua miongo mingi.

Ukiutazama msitu wa Maolan na shamba la mikaratusi la miaka minne kwa NDVI peke yake, unaweza kupata namba zinazokaribiana sana. Kasoro hii ina chanzo kinachojulikana. Kiashiria hicho hupanda haraka pale majani yanapotoka sifuri, lakini yakishafika tabaka tatu hivi juu ya kila mita ya ardhi, mwanga mwekundu huwa umeshanyonywa karibu wote. Kuanzia hapo namba hutulia, hata msitu uendelee kukua miaka mia. Kwa hiyo kipimo kinachotangazwa zaidi ndicho kinachoacha kupima pale hasa ambapo kupona kwenyewe kunaanza kuwa na maana.

Matokeo ya kuchanganya mambo haya si ya kinadharia. Mwaka 2016 Fangyuan Hua na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Sichuan, mkoa jirani, juu ya misitu iliyotokana na mpango ule wa kuwalipa wakulima. Walihesabu ndege na nyuki. Misitu mipya karibu yote ilikuwa ya aina moja ya mti au mchanganyiko wa aina chache mno. Kulinganisha na mashamba yaliyokuwapo kabla, misitu mchanganyiko iliongeza ndege kidogo, ile ya mti mmoja ikawapunguza, na nyuki wakapungua sana katika misitu hiyo mipya. Hebu tulitafakari hilo. Ardhi ilitoka kwenye mahindi ikaenda kwenye miti, ramani ikazidi kuwa ya kijani, na nyuki wakaondoka. Hakuna piseli iliyolalamika.

Ardhi ya chokaa inaongeza matatizo yake kwenye upimaji wenyewe. Mawingu niliyotaja mwanzo yanaweza kuufanya mwaka mzima wa Guizhou ubaki na picha chache tu safi, na mara nyingi picha hizo zinaangukia miezi isiyolingana. Vilima vyake ni vichuguu virefu vilivyosimama wima, na jua la majira ya baridi likiwa chini, upande mmoja unang'aa na mwingine unazama kwenye kivuli. Kivuli hicho kinabadilisha namba bila jani hata moja kuongezeka wala kupungua. Halafu piseli moja ya Landsat ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Ndani yake unaweza kuwa na jiwe jeupe linalorudisha mwanga mwingi, jiwe lililoshikwa na kuvu na mwani likawa jeusi, kifuko cha udongo, kichaka na kivuli chake. Setilaiti inazichanganya zote na kukupa namba moja. Wanaofanya kazi hii kwa makini wana mbinu za kuitenganisha piseli kwa mafungu, kujua ni asilimia ngapi jiwe na ngapi majani, na wanatumia mfululizo wa picha za miaka badala ya picha mbili. Nawaheshimu sana watu hao. Lakini wao siyo wanaoandika mabango ya matangazo.

Kuna pia suala la nani anastahili sifa. Katika miaka hiyo hiyo ya kupanda miti, mamilioni ya vijana wa vijijini kusini magharibi mwa China walihamia viwandani Guangdong na pwani ya mashariki. Kati ya mwaka 2016 na 2020 Guizhou pekee iliwahamisha zaidi ya watu milioni 1.8 kutoka milimani kwenda makazi mapya, wengi wao mijini au kandokando ya miji. Mahali ambapo hakuna anayekata kuni wala kuchunga mbuzi, kichaka kinarudi chenyewe, ramani inaupa sifa mpango wa serikali, na mwanakijiji aliyeondoka akiacha kaburi la baba yake hatajwi. Setilaiti inaona badiliko. Sababu ya badiliko lazima iulizwe kwa watu.

Sasa tuje nyumbani, maana huku tuna mfano mmoja ambao kwangu unaeleza hoja hii vizuri kuliko milima yote ya China. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikichimba matumbawe ya kale kando ya bahari. Machimbo yaliachwa yakiwa sakafu nyeupe ya jiwe, joto kali, maji ya chumvi yakiwa karibu chini, na udongo haupo kabisa. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, alianza kujaribu miti humo. Alijaribu aina 26, zikastahimili 3 tu. Iliyofanya vizuri zaidi ni mvinje, mti ambao kila mtu wa pwani anaujua kwa mluzi wake upepo wa kusi unapovuma. Mvinje unavumilia chumvi, na kwenye mizizi yake kuna bakteria wanaochukua naitrojeni hewani, hivyo hauhitaji udongo wenye rutuba ili uanze.

Miti ikakua haraka. Kama Haller angekuwa na Sentinel-2 wakati ule, angeona namba ya kijani ikipanda mwaka baada ya mwaka na angeweza kuandika ripoti yake akafunga faili. Lakini chini ya miti kulikuwa na tatizo. Vijani vya mvinje, vile vyembamba kama sindano, vina tanini nyingi, kemikali inayozuia kuoza. Vilianguka vikalundikana juu ya jiwe bila kuoza. Bila kuoza hakuna mboji, bila mboji hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine utakaoota hapo isipokuwa kwa mkono wa mtu. Kwa juu palikuwa msitu, kwa chini palikuwa jiwe lililofunikwa na takataka kavu.

Suluhisho alikuwa jongoo, yule mkubwa mwenye miguu myekundu ambaye tukiwa watoto pwani tulimgusa kwa kijiti ajikunje. Haller aligundua kuwa jongoo anakula vijani vya mvinje. Wakakusanywa mamia, wakaachiwa machimboni. Jongoo akala, kinyesi chake kikawa chakula cha bakteria, na polepole tabaka jembamba la udongo mweusi likaanza kujengeka juu ya jiwe lililokuwa tupu. Ndipo miti mingine ilipoweza kuingia, kisha ndege, kisha wanyama. Sehemu ya machimbo hayo ikafunguliwa kwa wageni katika miaka ya 1980 na leo inajulikana kama Haller Park. Watoto wa shule wanapelekwa kuangalia twiga na viboko, na sijui ni wangapi wanaooneshwa jongoo.

Kwa setilaiti, mivinje kabla ya jongoo na mivinje baada ya jongoo ni kitu kimoja. Tofauti yote kati ya shamba la miti na msitu unaoanza kujitegemea ilikuwa kwenye sentimita chache juu ya jiwe, gizani, chini ya majani ambayo ndiyo peke yake setilaiti inayaona.

Pwani yetu ina mitego yake mingine. Mmoja ni msimu. Vichaka vya maweni kusini na mashariki ya Unguja, na vile vya pwani ya Kilifi na Kwale, vinapukutisha majani kiangazi na kulipuka kijani baada ya masika au vuli. Kwa kuwa maji hayakai kwenye matumbawe, mabadiliko hayo ni ya haraka na makubwa. Mwaka 2022 pwani ya Kenya ilikuwa kwenye ukame uliofuatana misimu kadhaa. Mwishoni mwa 2023 El Nino ikaleta mvua kubwa na mafuriko. Mtu yeyote anayelinganisha picha ya Septemba 2022 na ya Januari 2024 atapata "urejeshaji" wa ajabu katika kila kipande cha ardhi, kilichopandwa na kisichopandwa, hata kwenye uwanja wa mpira ulioachwa. Ukiona ripoti ya kampuni au mradi yenye picha mbili bila kutaja mwezi na mvua ya msimu huo, iweke pembeni.

Mtego mwingine ni mwarobaini. Ni mti tunaoupenda, dawa ya nyumba nyingi, lakini umeenea wenyewe kwenye vichaka vingi vya pwani na unaendelea kuwa kijani hata pale mimea ya asili inapopukutisha. Mahali ambapo mwarobaini unauziba msitu wa asili, NDVI ya kiangazi hupanda. Kwa kipimo hicho, uvamizi unaonekana kama afya njema.

Na kuna vile ambavyo setilaiti haitaviona hata iwe na macho makali namna gani. Kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi, sehemu za Kambe, Chasimba na Mwarakaya, huota mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, wa jamii ya Saintpaulia. Jamii hiyo ilipewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga aliyeipeleka Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, na leo ndugu zake wanauzwa kwenye vyungu katika maduka ya maua dunia nzima. Aina ya Kilifi, inayoitwa rupicola, haioti porini mahali pengine popote. Inaishi kwenye nyufa za mwamba, chini ya kivuli cha miti. Mti ukikatwa jua linaichoma, mwamba ukichimbwa imekwisha. Ukifyeka kilima kile ukaotesha kivuli kingine cha mivinje miaka kumi baadaye, ramani itasema tumerudi pale pale tulipokuwa.

Wapo watakaosema teknolojia imeshatatua haya, na kwa sehemu ni kweli. Rada hupenya mawingu, jambo ambalo kwa Guizhou ni ukombozi. Tangu Desemba 2018 kuna chombo cha leza kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, GEDI, kinachopima urefu wa miti kwenye vidoa vya upana wa mita 25. Aprili 2025 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti ya Biomass, yenye rada ya mawimbi marefu ya karibu sentimita 70 yanayopita majani na kurudi yakiwa na habari za mashina na matawi makubwa. Hivi vyote vinaweza kututenganishia kichaka na msitu mzee pale NDVI ilipochoka. Lakini leza kwenye mteremko mkali huchanganya ardhi na matawi, na ardhi ya chokaa ni miteremko mitupu. Ramani za uzito wa miti za Biomass zitakuwa na piseli za mita 200, yaani hektari 4 kila moja. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo uliosimama juu ya matumbawe kule Kwale, una kama hektari 30. Hizo ni piseli zisizofika kumi kwa mahali ambapo wazee wanajua kila mti kwa jina na kwa kazi yake.

Mimi naona matumizi sahihi ya setilaiti katika ardhi hizi ni kuuliza, na jibu lichukuliwe chini. Inafaa sana kutuambia wapi pameharibika ghafla, wapi panapanda polepole bila kuanguka kwa miaka kumi, wapi kijani cha kiangazi kinatia shaka. Kwa hilo haina mpinzani, na wenzetu wa kituo cha kikanda cha ramani cha RCMRD kule Kasarani, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975, wana uzoefu wa kufundisha kazi hiyo katika nchi nyingi za ukanda huu. Anayetakiwa kwenda na kuangalia ni mtu mwenye kamba ya kupimia, kijitabu na mwenyeji anayeyajua majina ya mimea.

Ninachodai kwa machimbo ya chokaa ya pwani ya Kenya na Tanzania ni hiki. Kabla jembe la kwanza halijagusa jiwe, mwombaji wa kibali aweke hadharani mfululizo wa picha za angalau miaka kumi za eneo lake na za msitu wa chokaa ulio karibu ambao haujaguswa, mwezi kwa mwezi. Msitu huo ndio uwe kipimo, na katika kila ripoti ya baadaye machimbo yalinganishwe nao katika msimu ule ule, ili mvua njema isihesabiwe kuwa kazi njema. Ripoti itaje miti gani imepandwa na ipi imekuja yenyewe, kwa sababu mche unaootesha mche mwingine bila kumwagiliwa ndio dalili ya kuaminika kuliko zote. Vipande vya kudumu vya kupimia viwekwe chini, na humo upimwe unene wa udongo, kuoza kwa majani, na kuwapo kwa wadudu wanaofanya kazi hiyo. Wazee wa kaya na wanawake wanaokata kuni na kuchuma dawa humo walipwe kama wapimaji, na majina ya mimea wanayoyatoa yaandikwe kwenye ripoti yenyewe.

Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 tayari inatambua dhamana ya fedha, yaani fedha anayoiweka mwenye machimbo kama rehani, na amri za kurejesha mazingira. Kinachobishaniwa ni lini fedha hiyo irudishwe kwa mwenye machimbo. Ikirudishwa siku ramani inapogeuka kijani, atapanda mivinje au mikaratusi, atasubiri miaka mitano na kuchukua chake. Irudishwe kwa awamu, na awamu kubwa ibaki hadi vipande vya chini vioneshe udongo unaojengeka na miche iliyojiotesha yenyewe kwa miaka kadhaa mfululizo, hata kama mwenye kiwanda atalalamika kuwa picha za angani zimeshamtosheleza.